Siku Nilipojiita Mama Hamisi

Mkunya, Jumapili, 15 Juni. Asubuhi ukungu mzito, baridi. Jua limeonekana saa nne. Upepo kidogo.

Mwanangu Salima,

Nimeanza kwa tarehe na hali ya hewa kama ninavyoanza kwenye kitabu changu kila siku, kwa sababu mkono wangu haujui kuanza namna nyingine. Unisamehe. Upo chumba cha pili, umelala au unajifanya umelala, na mimi nipo mezani nakuandikia kama mtu aliye mbali.

Habari za blanketi, za nauli na za kutokula chakula cha njiani sitaziandika. Hayo tumeyasema mchana mbele ya watu, na wewe unayajua kuliko mimi. Arusha ni baridi, basi. Nataka niandike yale ambayo sikuyasema mchana, na hasa lile nililolisema.

Jirani yetu Bi Esha alipokuja kukuaga, wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda unamenya mihogo. Akauliza, "Mwali wetu anakwenda kufanya kazi gani huko?" Hakuuliza kwa ubaya. Mimi nikajibu upesi, kabla hujafungua mdomo, "Ofisini. Kazi ya ofisi." Kisu chako kikasimama. Ukaniangalia, halafu ukamgeukia Bi Esha ukacheka kidogo, ukasema, "Mama Hamisi anaona haya, bibi. Mwacheni." Wanawake wakacheka wakidhani ni utani wa mama na binti. Mimi nikaingia jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Kwa hiyo naandika.

Mimi naitwa Hadija, lakini siku uliyozaliwa jina hilo nililiacha, na nililiacha kwa furaha. Baba yako, Mungu amrehemu, alitoka kwenye mlango wa wodi akasema, "Mama Salima, hujambo?" Nikageuka kumtafuta huyo Mama Salima ni nani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tangu hapo sokoni, ghalani, msibani, kwenye kikao cha shule, nilikuwa Mama Salima. Mtu akiita Hadija, nilijua ni mgeni au ni mtu wa serikali. Nakueleza jambo unalolijua kwa sababu nataka ujue nilichokuwa nacho mkononi kabla sijakitupa.

Uliporudi kutoka chuoni kabla hujamaliza, nilisema ni uchovu. Ulipoacha kulala, nikasema ni mitihani. Ulipoanza kuongea na watu ambao mimi siwaoni, na kutembea kwenye mikorosho alfajiri bila viatu, nilisema ni malaria. Niliwaambia majirani hivyo, nikawaambia wajomba zako hivyo, na hata kwenye kitabu changu, ambacho hakisomwi na mtu, niliandika, "S. malaria." Nilijidanganya kwa mwandiko mzuri.

Halafu ikafika likizo ya Desemba na mdogo wako Hamisi akatoka jandoni. Unakumbuka. Usiku huu nimejaribu kuandika sentensi inayofuata na nimeinuka kunywa maji mara mbili ili nisiiandike. Nilikufungia chumba cha nyuma kwa kufuli. Nilijiambia ni nusu saa tu, wageni waingie, wale, waondoke. Ilikuwa tangu asubuhi hadi ngoma zilipokwisha. Nilikuletea wali kupitia dirishani. Uliupokea, ukaniuliza, "Hamisi amerudi? Nataka nimwone." Nikasema, "Baadaye." Ulikuwa umetulia siku ile, Salima. Ulikuwa umetulia kuliko mimi.

Nje wanawake walikuwa wananiimba. Siku ya mwali wa kiume kutoka, mama yake huimbwa kwa jina la yule mwali, ni haki yake. Wakaimba Mama Hamisi, Mama Hamisi, wakanipaka unga usoni, nikacheza. Nilicheza vizuri. Nilikuwa na ufunguo wa lile kufuli kwenye fundo la kanga, na nilicheza.

Jina lile siku ile lilikuwa halali. Kosa ni kwamba kesho yake sikulirudisha. Mtu aliponiita Mama Salima nikachelewa kuitika. Aliponiita Mama Hamisi nikaitika haraka. Watu wa hapa hawabishani na mama wa watu kuhusu anavyotaka kuitwa. Kabla msimu wa korosho haujaisha, ghala zima lilishazoea. Mzee Lipenda peke yake, kwa sababu ni mtani wetu na Myao hana haya, alinisimamisha mbele ya mizani akasema, "Mama Hamisi? Na Salima umemuuza kwa kilo ngapi?" Watu walicheka hadi wapagazi wakateremsha magunia. Na mimi nikacheka. Nilicheka nao, Salima.

Wewe ulikuwa umeshaondoka. Ulitoka alfajiri moja ukashuka mteremko kwa miguu, na dereva wa lori, mtu ambaye hata jina lake silijui, ndiye aliyekukuta barabarani akakupandisha mbele, akakupa sweta lake, akakufikisha hospitali ya misheni kule bondeni. Huko wakakutibu, halafu wakakupeleka kwa masista, kwenye ile nyumba yenye farasi, wanakowasaidia wagonjwa wa akili kwa kuwapa wanyama wa kutunza. Nilipopigiwa simu, jambo la kwanza nililouliza ni kama kuna mtu wa Mkunya aliyekuona. Sikuuliza kama umekula.

Niliwaambia watu uko Masasi unajifunza cherehani.

Sasa niandike habari ya siku ya ndugu kuja kuwaona wagonjwa wao, ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwepo upande wako wa kamba na mimi nilikuwa upande wangu.

Mimi sikuwahi kuona farasi. Nilifika pale nikiwa na mkoba na kikapu cha ndizi, nikamwona mnyama yule wa kahawia amesimama kwenye kivuli cha banda, mkubwa kama kabati, na wewe unampiga brashi shingoni. Mama mmoja wa Kimakua aliyekuja kumwona mumewe akaninong'oneza, "Huyu ni punda aliyeenda shule?" Mgonjwa mwenzako, Issa, yule kijana wa bodaboda, akamsikia akajibu, "Shikamoo mama. Huyu anaitwa Diwani. Ukimhitaji hageuki, ukiwa na ndizi anakuja mwenyewe." Na kweli, akaja. Alinyoosha shingo akachukua ndizi kutoka kwenye kikapu changu, nikapiga kelele, na wewe ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu chuoni. Nilitamani siku iishie hapo.

Sista Yustina akatukalisha kwenye mabenchi. Akasema kila mmoja ajitambulishe, aseme amekuja kumwona nani. Watu wakasema. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikashika mkoba kwa mikono miwili, nikasema, "Mimi naitwa Mama Hamisi. Nimekuja kumwona Salima."

Issa akauliza, "Kwani Hamisi naye anaumwa?"

Watu wakacheka, wala si kicheko kibaya. Lakini niliona brashi yako ilivyosimama kwenye shingo ya farasi. Hukugeuka. Ulibaki umeweka kiganja pale, na Diwani naye akatulia kabisa, sikio moja limeelekea kwako.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile, mahali ambapo kila mtu alikuwa na mgonjwa wake, ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kunicheka. Hakukuwa na mtu wa Mkunya hata mmoja. Jibu nililonalo ni hili tu: nilikuwa nimezoea. Haya ukiifuga inakua, inafika mahali haihitaji tena mtu wa kuionea.

Halafu Sista akatupa kamba, mimi na wewe, tuishike pamoja, tumpitishe Diwani katikati ya yale magogo yaliyolazwa chini, bila kusema neno. Nilifikiri ni mchezo wa watoto. Nikashika mbele. Nikavuta. Farasi akakita miguu. Nikavuta zaidi. Masikio yake yakalala nyuma.

"Mama, legeza," Sista akasema.

"Nimelegeza."

"Mkono wako haujasikia."

Nikavuta tena. Ndipo wewe ulipoachia upande wako. Ulifungua vidole tu, ukaanza kutembea kati ya magogo, mikono mitupu, bila kumwangalia mtu. Na yule mnyama, ambaye nilimvuta kwa nguvu zangu zote, akashusha kichwa akakufuata taratibu. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania kamba. Nikavutwa. Nikakimbia nyuma yenu na kanga inafunguka, benchi zima linashangilia, Issa anapiga makofi anasema, "Mama Hamisi, shikilia usukani!"

Jioni nilipoondoka ulinisindikiza hadi getini. Ukanishika mkono kwa adabu. Ukasema, "Safari njema, Mama Hamisi."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini uliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza, ulinikuta nafagia, ukapiga goti kidogo kama ulivyofundishwa, ukasema, "Shikamoo, Mama Hamisi." Nikasema, "Marahaba." Tangu hapo imekuwa hivyo kila siku. Hujawahi kunijibu vibaya. Umepalilia shamba langu, umepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ukiwa umefunga kitambaa puani, umenikanda miguu nilipougua. Na kila siku umeniita kama jirani mwenye heshima anavyoniita. Sijapata adhabu inayonifaa zaidi, na sikuwahi kuthubutu kukuambia uache, kwa sababu jina nililichagua mimi.

Ulipoanza kushuka bondeni kila wiki kumsaidia Sista, mimi niliendelea na hadithi ya cherehani. Siku moja Mama Tatu alikunusa ulipopita akasema, "Cherehani gani hii inanuka samadi?" Wewe ukaniachia nijibu. Nikasema unapanda daladala moja na wafugaji. Naandika hili huku uso unawaka moto, niko peke yangu.

Nilikufuata mara moja bila wewe kujua. Hili sijawahi kukuambia. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imekatika kidogo. Nilisimama nje ya ua, nyuma ya michongoma. Kulikuwa na msichana mdogo, labda wa miaka kumi na mitano, ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua. Nilingoja umwambie kitu. Hukumwambia. Ulimweka Diwani kati yenu, ukainua ukwato wa mbele ukauchokonoa matope, ukashusha, ukaenda wa pili. Baadaye ukamnyooshea yule msichana brashi bila kumtazama, kama unamnyooshea ukuta. Ilikaa hewani muda mrefu. Mimi ningeshasema, "Chukua basi, unaogopa nini?" Ningesema mara tano. Wewe ulikaa tu na mkono wako. Akaichukua. Na alipoanza kusugua, akaanza kusema, akimwambia farasi na siyo wewe, na wewe uliendelea na kwato zako kama hujasikia kitu.

Nilirudi nyumbani na gari la jioni. Njiani nilifikiri, kama mimi ningekaa hivyo siku moja tu mlangoni pako, bila kuuliza, bila kuficha, pengine usingeshuka mteremko ule kwa miguu. Sijui. Sista anasema ugonjwa ni ugonjwa, ungekuja tu. Labda. Lakini usingeshuka peke yako.

Huko unakokwenda utakutana na akina mama kama mimi. Hili nalijua kuliko Sista na kuliko vitabu vyake. Watakuja wamevaa vizuri, wameleta matunda, na watadanganya kuhusu mambo ambayo hayana haja ya uongo. Watavuta kamba. Sikuombi uwaonee huruma. Nakuomba ujue kwamba yule anayevuta kwa nguvu sana mara nyingi anamwogopa mtu aliyesimama nyuma yake. Uliponiachia kamba ulifanya sawa. Usiache kufanya hivyo kwa ajili ya kuwastahi. Mimi ile aibu ya kuvutwa na farasi mbele ya watu ndiyo aibu pekee katika miaka hii iliyonifaa kitu.

Na ugonjwa ukikurudia, kwa maana Sista alituambia sote wawili kwamba unaweza kurudi, usinifiche kwa kunihurumia. Najua umejifunza kuficha kutoka kwangu, maana hapa nyumbani hapakuwa na mwalimu mwingine wa somo hilo. Piga simu. Ukiona siwezi kusikia, mpigie Hamisi. Yeye hana haya na wewe. Mwaka jana shuleni kwao walimchokoza kwamba dada yake kichaa, akawajibu, "Ndiyo, na anaendesha farasi, dada yako anaendesha nini?" Aliniambia mwenyewe akijisifu, na mimi nikamkemea. Nilimkemea mtoto kwa kusema ukweli ambao mimi mtu mzima ulinishinda.

Sasa habari ya leo, baada ya isha.

Ulipokwenda kuoga nilichukua tochi nikaenda kwa Bi Esha. Sikuwa nimepanga maneno. Alikuwa uani anafunika kuku. Akasema, "Karibu, Mama Hamisi, kuna nini usiku huu?" Nikamwambia, "Bi Esha, mimi ni Mama Salima." Akafikiri nimechanganyikiwa. Nikaendelea kwa sababu ningesimama nisingeweza tena. Nikamwambia hakuna ofisi. Hakukuwa na cherehani. Nikamwambia mwanangu aliugua kichwa, nikamfungia, akatoroka, akatibiwa na watu wengine, na sasa anakwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya namna ileile, yenye farasi wengi, kuwasaidia wanaougua kama alivyougua yeye. Nikasema na habari ya siku ya jando. Yote.

Nilitarajia aniambie pole, au aniambie kwamba watu wote walijua. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akashika magoti.

Unajua sisi wawili tumekuwa tukisalimiana vipi kwenye ua wa miti kwa miaka hii. Mimi namuuliza, "Juma hajambo huko Msumbiji?" Yeye anasema, "Hajambo, anasalimia. Na Salima?" Nasema, "Hajambo." Kila wiki. Nimemuulizia yule kijana kwa adabu zote, na nimemwonea wivu kwamba mwanawe amevuka mto akapata kazi.

Bi Esha akasema, "Juma hajavuka Ruvuma."

Nilidhani anamaanisha amekwama njiani. Akanyoosha kidole kwenye kile chumba chake kidogo cha nyuma, anachosema ni stoo ya mihogo mikavu. Nikaona dirisha limezibwa kwa bati. Salima, ni hatua chache kutoka ua wetu. Nimeanika nguo pale miaka yote hii.

Nikauliza, "Tangu lini?"

Akasema, "Tangu kabla ya Salima wako kwenda kwenye cherehani." Halafu akaniuliza jambo ambalo sitalisahau hadi nife, na hakuliuliza kwa ukali: "Kumbe kulikuwa na mahali? Siku zote hizi ulikuwa unajua kuna mahali?"

Nilijua. Nilikuwa najua barabara, najua gari la kupanda, najua jina la Sista. Ningeweza kumwambia siku yoyote kwenye ua ule, na ningemwambia kama nisingekuwa na shughuli ya kukuficha wewe. Nimekuwa nikidhani kosa langu ni kati yangu na wewe tu, na kwamba ukinisamehe litakuwa limekwisha. Halikuishia kwako. Kuna kijana wa watu amekaa gizani nyuma ya ua wangu kwa sababu mimi sikutaka kuitwa Mama Salima.

Niliomba kumwona. Bi Esha akafungua. Amekonda, ndevu zimejaa, amekaa kwenye mkeka. Nikamwambia, "Juma, hujambo?" Akainua kichwa, akasema, "Sijambo. Shikamoo, Mama Salima." Yeye amefungwa mle tangu kabla sijabadilisha, hakuna aliyemwambia.

Sikuweza kuitikia. Nilirudi nyumbani na marahaba yake bado ninayo.

Bi Esha ameniuliza kama farasi wanampokea mtu mzima, kama wanapiga, kama inabidi kubadili dini, kama Juma akikataa kupanda gari afanyeje. Nilimjibu niliyoyajua, ni machache. Lile la gari sikulijua. Nikamwambia kuna mtu mmoja tu Mkunya nzima anayelijua, na anaondoka na gari la saa kumi na mbili.

Atakuja baada ya sala ya alfajiri. Hatakuja kwangu, anakuja kukuuliza wewe. Ukiamua kuahirisha safari kwa siku moja umshushe Juma mwenyewe, sitakuzuia. Ukiamua kwenda, mwelekeze, mimi nitapanda nao gari, nitakaa nyuma, sitavuta mtu. Na nikifika kule wakitukalisha kwenye mabenchi nitajitambulisha. Wewe niite utakavyo.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, uisome kabla hujamfungulia mlango.

Mama yako.

Saa nane na dakika kumi usiku. Ukungu umeanza kushuka tena. Nakwenda kulala.